Daftari, ndugu, kiongozi wa dini au mtaalamu: huzuni yako uipeleke wapi?

"Hujambo?" "Sijambo." Ukilivunja neno hilo vipande, unasema huna jambo. Mwaka 2021 nililitamka kila asubuhi nikifungua stesheneri yangu hapa Makole, Dodoma, huku jambo ninalo. Mama alifariki mwezi Machi mwaka ule baada ya kulala kitandani miaka miwili kwa kiharusi, na mimi ndiye niliyemuuguza. Watu walinipa pole kwa kumkosa mama. Kumkosa nilikuwa namkosa kweli. Lakini alfajiri ile, kabla hata sijawaamsha majirani, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu. Nilipumua. Kisha nikaona haya kwa kupumua, nikaificha pumzi ile chini ya kilio ambacho kila mtu alikielewa.

Namwandikia aliyefika hapo: unajua unaumia, umechoka kujikaza, unataka kujitazama kwa ukweli, ila hujui uanzie wapi. Uandike peke yako? Umwambie ndugu? Uende kwa padri, mchungaji au sheikh? Au uende hospitali, watu wakuone? Njia zote nne nimezipita. Naziweka hapa zitazamane.

Nimezipima kwa nini

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale matano. Inadai nini kwako, iwe pesa, muda au nguvu? Inakupa nafasi gani ya kusema ukweli? Siri yako inakaa wapi? Hatari yake ni ipi? Na inamfaa nani?

Swali la ukweli nalipa uzito kuliko mengine, na nitaeleza sababu. Maumivu mengi yana tabaka la juu tunaloruhusiwa kulionyesha, na la chini tunaloliogopa. Anayelia kwa kuachwa huenda chini yake ana hasira na nafsi yake kwa kukaa miaka yote ile akiona dalili. Anayegombana na kila mtu ofisini huenda ana woga. Mtu anaweza kufarijiwa mwaka mzima kwa huzuni ya juu, na ile ya chini isiguswe hata siku moja. Kwa hiyo ninachouliza ni hiki: je, njia hii itanifikisha kwenye ile sentensi ninayoikwepa?

Daftari

*Inadai nini.* Kauntabuku, kalamu na robo saa. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, alichapisha jaribio alilofanya na mwenzake. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika juu ya tukio lililowaumiza kuliko yote, wengine wakaandika mambo ya kawaida tu. Walioandika tukio pamoja na hisia zake waliinuka mezani wakiwa na huzuni zaidi siku hizohizo, ila katika miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache zaidi. Jaribio hilo limerudiwa mara nyingi tangu hapo, na jibu ni kwamba faida ipo lakini kwa wastani ni ndogo. Mimi nauza madaftari, kwa hiyo nina wajibu wa kusema kwamba si muujiza.

*Ukweli.* Hapa daftari lina nguvu ya pekee, kwa sababu halina uso. Halishtuki, halikatizi, halikuambii pole kabla hujamaliza. Siku ya kwanza niliandika tarehe, kisha "Leo upepo mkali," kisha bei mpya ya karatasi za A4. Siku ya tatu: "Namkumbuka mama." Siku ya nne: "Namkumbuka mama lakini", nikaishia hapo. Lile "lakini" lilikaa peke yake mwisho wa mstari siku sita. Kila nikifungua nalikuta. Siku ya kumi nikalimalizia: "lakini sitaki arudi vile alivyokuwa." Nikafunga daftari, nikakaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka jua likanifikia miguuni.

Sidhani kama sentensi ile ingeweza kuzaliwa mbele ya mtu.

*Siri.* Inategemea nyumba. Ukiwa umepanga chumba kimoja na watoto wanaosoma kila karatasi wanayoiokota, hofu ya kusomwa itakufanya uandike uongo. Andika, kisha chana au choma jikoni. Anayeona kalamu ni adhabu anaweza kujirekodi sauti kwenye simu, asikilize mara moja, afute.

*Hatari.* Kucheua. Tuliokulia kwenye ng'ombe tunajua: alichokula mchana anakirudisha mdomoni usiku, akisage, kishuke. Mtu naye anaweza kurudisha mawazo yaleyale kila usiku, ila yake hayasagiki. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alilifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba wanaozunguka huzuni yao kwa namna hiyo hukaa ndani yake muda mrefu zaidi, na huingia kwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kwa urahisi zaidi. Dalili yake ni rahisi kuiona: ukurasa wa leo unafanana na wa wiki iliyopita, na swali ni lilelile, "Kwa nini mimi?" Ukifika hapo, badili swali. Acha "kwa nini", uliza "nini": nini kilitokea siku ile, nilihisi nini mwilini, nilikuwa nataka nini nikashindwa kusema. Au jiandikie kwa jina lako, kana kwamba unamweleza mtu mwingine. Ukishabadili na kurasa bado zinafanana, funga daftari utafute mtu.

*Inamfaa nani.* Mwenye haya, asiyejua bado anaumia kwa nini hasa, na asiye na mtu wa kumwamini kwa sasa. Haimfai aliyepitia ukatili ambao picha zake humrudia ghafla, wala mwenye mawazo ya kujidhuru. Hao wasikae peke yao na karatasi.

Mtu wa karibu

*Inadai nini.* Nauli, na ujasiri wa dakika moja. Nilipanda gari la Mvumi siku ya Jumamosi kwenda kwa mama mdogo, mdogo wa marehemu mama. Nilimkuta barazani anachambua majani ya mlenda kwenye ungo. Tukasalimiana kwa Kigogo, mbukwa, mbukwa, habari za safari, habari za watoto, yote njema. Nikakaa kwenye kigoda nikaanza kuchambua naye. Robo saa nzima tulizungumzia mvua. Kisha nikasema huku nikitazama majani: "Mama mdogo, mama alipokwenda, mimi nilipumua."

Vidole vyake vilisimama. Akatoa bua moja, akalitupa kuku walipokuwa. "Hata mimi, mwanangu. Bibi yako alipofariki nilipumua. Nimekaa nalo miaka kumi na nane nikidhani ni mimi peke yangu."

Hatukuongeza neno. Mlenda ukapikwa, tukala.

*Ukweli.* Daftari lilinipa sentensi, mama mdogo akaipa shahidi. Huo ndio uwezo wa mtu wa karibu: ukisema jambo baya unaloliona ndani yako na bado ukapakuliwa chakula, kitu fulani ndani kinakubali kwamba unaweza kujulikana ulivyo na ukapendwa. Daftari haliwezi hilo. Lakini uso uleule unaokupokea ndio unaokufanya upunguze maneno. Tunamlinda msikilizaji. Kama unayemwambia yumo ndani ya habari yenyewe, tuseme ni mume, au dada ambaye hakuja kusaidia kuuguza, utachuja nusu.

Tena watu wetu wana haraka ya kufariji. "Jikaze." "Wenzako wana makubwa." "Mungu ana makusudi yake." Wanasema kwa upendo, lakini kila neno la namna hiyo linafunga mlango uliokuwa umeanza kufunguka. Huko Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa mabibi wanaokaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Wale ni bibi wa mtaani, hawakusomea udaktari. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliohudumiwa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lakini mabibi wale wamefundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Shangazi yako hajafundishwa, kwa hiyo mfundishe kidogo kabla: "Shangazi, leo naomba unisikilize tu. Ushauri nitakuomba baadaye." Mimi nimeona sentensi hiyo moja ikibadilisha mazungumzo mazima.

Kwa wanaume wengi ninaowajua, kukaa mkitazamana ni vigumu. Kaka yangu hajawahi kusema la moyoni akiwa kitini. Lakini tukiwa Hombolo kwenye zabibu zake, tunapogoa, kila mmoja mstari wake, ananiambia mambo yake yote kupitia majani. Kama unataka kumsikiliza mwanaume aliyenyamaza, mtafutie kazi ya mikono mfanye pamoja.

*Siri.* Ni ya mtu, haina mkataba. Mchunguze kabla: anakuletea habari za wengine? Basi na zako zitapelekwa.

*Hatari.* Kumchosha mtu mmoja kwa habari ileile kila siku, na kuanza kusema kile anachopenda kusikia.

*Inamfaa nani.* Mwenye haya inayotokana na kudhani yuko peke yake. Mfiwa, muuguzaji, mzazi mpya aliyechoka, aliyeachwa. Mtu aliyehamia hapa kikazi, akaacha ndugu Mwanza au Tanga, afikirie simu ya saa moja na rafiki wa zamani kabla ya kumfungukia jirani wa wiki tatu.

Kiongozi wa dini

*Inadai nini.* Kwa kawaida hakuna ada, na ofisi iko karibu kuliko hospitali. Inadai subira tu, maana foleni ya watu wenye shida kwake ni ndefu.

*Ukweli.* Vitabu vyenyewe vina nafasi kubwa kuliko tunavyohubiriwa. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina mstari wa mwisho wa furaha. Katika Qurani, Nabii Yaakub alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na akamshitakia Mungu huzuni yake. Anayekuambia kwamba kulia ni upungufu wa imani amesoma kwa kuruka. Ugumu uko upande wetu: mbele ya kiongozi tunavaa lugha ya ibada. Nilijisikia nikisema "namshukuru Mungu kwa yote" wakati nilikuja kusema kitu kingine kabisa.

*Siri.* Hapa tofauti ni kubwa, jua kabla. Padri Mkatoliki amefungwa kabisa na siri ya kitubio, na akiivunja makusudi anatengwa na Kanisa. Nje ya kitubio, na katika madhehebu mengine, inategemea busara ya mtu. Mimi nilimweleza kiongozi mmoja, simtaji. Wiki iliyofuata kikundi cha maombi kilikuwa kinamwombea "binti asiyemlilia mama yake". Nilikaa miezi bila kuingia ibadani. Baadaye nilimpata mwingine, mzee mstaafu, aliyeniuliza swali moja tu: "Unaomba msamaha kwa kosa, au kwa uchovu?" Kwa hiyo nikisema njia hii inaweza kukuumiza na inaweza kukutibu, nimeyaona yote mawili.

*Hatari.* Sonona kuitwa pepo, na mtu kuambiwa aache dawa ili kuonyesha imani. Ukisikia hilo, ondoka.

*Inamfaa nani.* Mwenye hatia ya kweli, aliyemkosea mtu na anahitaji toba na njia ya kurekebisha. Pia mwenye msiba, kwa sababu dini inaupa msiba muda wake. Mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume ana eda ya miezi minne na siku kumi, na katika muda huo hakuna anayemdai uso mkavu.

Mtaalamu

*Inadai nini.* Pesa au bima, muda wa foleni, na zaidi ya yote kushinda aibu ya jina. Hospitali ya Mirembe iko hapahapa mjini tangu mwaka 1927, ikiwa hospitali ya taifa ya afya ya akili, na nchi nzima jina lake limegeuzwa kuwa tusi: "Huyu apelekwe Mirembe." Tunaoishi nayo jirani tunajua kwamba watu huingia asubuhi na kadi yao, wakaonana na daktari, wakarudi kazini. Na si lazima uanzie huko. Daktari wa kituo cha afya cha kata anaweza kukusikiliza na kukuandikia rufaa. Ukitumia bima, uliza utaratibu huo kwanza. Mwanafunzi aulize ofisi ya mshauri nasaha chuoni. Halmashauri nazo zina maofisa ustawi wa jamii.

*Ukweli.* Nilikwenda nilipoona usingizi umekata. Niliulizwa kuhusu wiki mbili zilizopita: nalalaje, nakulaje, kuna ninachokifurahia bado, nimewahi kuwaza kufa. Kisha mshauri akauliza jambo ambalo si daftari, si mama mdogo, si mzee wa ibada aliyewahi kuniuliza: "Miaka ile miwili, ulikuwa unalala saa ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Mgonjwa wa kulala hugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongoni. Saa nne usiku nilimgeuza, saa sita, saa nane, saa kumi, kisha kumekucha, kuna uji, kuna duka. Siku mia saba na zaidi. Nilipofika katikati ya hesabu nilinyamaza. Aliyepumua alfajiri ile ulikuwa mwili ambao haukuwa umelala tangu mwaka 2019. Mimi nilikuwa nimeusomea mashitaka ya kutompenda mama.

*Siri.* Ina maadili ya kazi nyuma yake, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Uliza mwanzoni kabisa. Mtaalamu mzuri hakasiriki.

*Hatari.* Kukutana na mtu mwenye haraka, ukatoka na karatasi ya dawa bila mazungumzo. Una haki ya kuomba maelezo na ya kumwona mwingine. Dawa za sonona, kwa wanaozihitaji, huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na haziachwi ghafla bila kumwambia daktari.

*Inamfaa nani.* Ambaye huzuni imemkalia karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, imemwondolea usingizi, hamu ya kula au uwezo wa kufanya kazi. Aliyepitia ukatili. Anayetumia pombe ili alale. Na yeyote aliyejaribu njia nyingine kwa moyo wote akabaki palepale.

Kwa hali yako

Ukiwa na mawazo ya kujiua, acha kulinganisha. Mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, na mwende hospitali yoyote iliyo karibu leo hii, hata kama ni usiku.

Unaumia lakini hujui kwa nini: daftari, siku nne, robo saa kila siku. Usijilazimishe zaidi ya hapo.

Sababu unaijua ila unaona haya kuisema: mtu mmoja mwenye kifua, ikiwezekana aliyepita palepale.

Kinachokutesa ni kosa ulilomtendea mtu: kiongozi wa dini anayejua kutunza siri, kisha mtu mwenyewe uliyemkosea, kama kumwendea hakutamletea madhara mengine.

Ndugu zako ndio chanzo cha maumivu: usianze nao. Anza na daftari au mtaalamu mpaka upate maneno yako mwenyewe, vinginevyo utaingia kikao cha familia ukatoka na maneno yao.

Umefiwa chini ya miezi michache na bado unalala, unakula, unacheka mara mojamoja: pengine huhitaji chochote zaidi ya watu wanaokuja kukaa nawe. Waache waje hata baada ya matanga kuanuliwa.

Na kama sasa hivi unauguza mtu, usisubiri msiba. Tafuta ndugu mmoja akupokee zamu usiku mmoja kwa wiki, ulale mpaka asubuhi. Ukishalala mara mbili tatu hivyo, ndipo uamue kama unahitaji daftari.